Waliorudi bila karatasi: Batwa wenye ulemavu na sanduku letu la msaada

Hotuba ya kamati ya msaada, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba hapa Kalemie. Tunaitoa humu kwa ajili ya wenzetu wa Moba, wa Nyunzu na wa ngambo ya ziwa ambao hawakuweza kufika.

  Tunajua jua ni kali, na upande ule wa hangari bado hauna mabati, lakini tunaomba mutuvumilie. Neno tulilo nalo leo linatuuma, na sehemu kubwa ya neno lenyewe ni kosa letu, sisi wa kamati. Basi tunaanza na kosa.

Mwaka juzi, mvua zilipoanza, mama mmoja Mutwa alifika kwenye biro ya chama. Alitoka kambi moja ya barabara ya Nyunzu, akatembea siku mbili kwa miguu. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga ambaye nyayo zake zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani, zinatazamana kama mtu anayepiga makofi. Mama alikuwa amesikia kwamba chama cha waliorudi kinasaidia wagonjwa kufika hopitali. Ni kweli, tunasaidiaka. Tukamkaribisha, tukampa maji. (Hayo maji tutayarudilia.) Tukamuuliza, "Mama, uko na karatasi ya kurudi?" Hakuwa nayo. "Uko memba, unalipaka kotizasyo?" Hapana. Tukamweleza kwa upole kabisa kwamba artikli ya 4 ya sheria zetu inasema msaada ni wa wanamemba waliorudi, na aliyerudi ni yule mwenye karatasi ya HCR, ama karatasi ya kambi ya Tanzania au ya Zambia. Mama akasema, "Aksanti." Akamfunga mtoto vizuri, akaenda. Sisi tukarudi ku hesabu zetu, na tunakiri kwamba usiku ule tulilala vizuri.

Mwezi wa saba wa mwaka huu tulimwona tena mtoto yule. Hatukwenda kumtafuta, tusijisifu. Tulikwenda kwa ajili ya kinga.

Munakumbuka shirika moja lilitupatia kinga mbili za magurudumu matatu, zile za kuendesha kwa mikono. Moja tulimpa memba mwenzetu hapa mjini, na inamsaidia sana, munamwona anapita nayo sokoni. Ya pili tukasema: tuipeleke kwa Batwa, wasije wakasema tunawasahau. Tulikuwa tumesikia kule kuna mtu aliyeanguka kutoka kwenye mti wa asali, mgongo ukavunjika, miguu ikafa. Tukapakia kinga juu ya camion, tukashuka njiani, tukaibeba watu wanne mwendo wa saa tatu. Tulifika tumechoka, tunajiona watu wema.

Yule ndugu alikuwa amekaa juu ya mkeka mbele ya nyumba yake ya majani. Akatuangalia sisi. Akaiangalia kinga. Halafu akaiangalia njia. Njia ya kwenda ku mto, njia ya shamba, hata ile ya kwenda kwa jirani, ni mizizi na mawe, upana wa mguu mmoja. Akasema aksanti kwa heshima yote. Leo kuku wanalala humo. Ni kuku wenye bahati kuliko wote wa Tanganyika.

Kabla ya kuondoka, mmoja wetu alipata akili ya kuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Papa, wewe unahitaji nini?" Akajibu bila kufikiri, "Sponji." Hatukuelewa. Akageuka ubavu kidogo, akatuonyesha kidonda chake. Mtu ambaye mgongo wake umevunjika hasikii kitu kwenye makalio. Anakaa pahali pamoja, ngozi inakufa chini yake bila maumivu, na kidonda kinakula taratibu hadi kwenye mfupa. Waganga walitueleza baadaye: mara nyingi ni kidonda njo kinaua, mgongo wenyewe hauui. Dawa ya kwanza ni kitu laini cha kukalia, kugeuzwa kila baada ya muda mfupi mchana na usiku, kukaa mkavu, na mtu wa kutazama ngozi kila siku. Kipande cha sponji kinauzwa hapa soko la Kalemie. Sisi tulileta chuma.

Basi pale tukaona haya, tukaamua kulala kule na kuuliza vizuri. Tulimuuliza shefu wa kambi, "Hapa kuna vilema wangapi?" Akasema wawili: yule wa mti wa asali, na kijana mmoja aliyekatwa mkono wakati wa vita. Tukaandika wawili. Kumbe swali lenyewe lilikuwa bovu. Neno kilema, kwa masikio yao na hata kwa masikio yetu, ni mtu aliyepungukiwa kiungo, ama yule anayeomba barabarani. Bibi asiyeona si kilema, ni mzee. Mtoto asiyesema si kilema, ni mkimya. Na mama anayetambaa kwa sababu ya nyonga si kilema kwa maana anapika kila siku.

Kuna njia nyingine ya kuuliza, ambayo baadhi yenu muliiona kwa mashirika. Inaitwa maswali ya Kundi la Washington, kundi la watu wa takwimu lililoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Ni maswali sita, na neno kilema halimo hata kidogo. Unauliza: je, unapata shida kuona, hata ukiwa na miwani? Unapata shida kusikia? Kutembea au kupanda? Kukumbuka na kuweka akili kwenye jambo? Kuoga na kuvaa mwenyewe? Kueleweka na wengine na kuwaelewa, kwa lugha yako ya kila siku? Na jibu haliishii kwenye ndiyo au hapana. Linakuwa: hapana shida, shida kidogo, shida nyingi, siwezi kabisa. Yule ambaye hata mara moja anajibu "shida nyingi" ama "siwezi", unamwandika.

Tukapita nyumba kwa nyumba na maswali hayo, mama mmoja wa pale akitutafsiria pale Kiswahili chetu kilipokwama. Kabla jua kuzama, wale wawili walikuwa wamekuwa tisa. Kambi ni ndogo, munaweza kuijumuisha kwa macho. OMS inasema kwamba duniani mtu mmoja kwa sita anaishi na ulemavu wa kumsumbua kweli. Kumbe tisa si ajabu. Ajabu ni wawili.

Tunasimama hapa kidogo, maana njo pale tulijifunza jambo ambalo hatukulitafuta. Kati ya wale tisa kulikuwa kijana asiyesikia tangu kuzaliwa. Umri wake kama miaka kumi na saba. Anawinda na wenzake, na wenzake wanamsifu. Tukauliza anawindaje bila kusikia? Wakacheka. Mwindaji hasemi porini, anaongea kwa mikono: nyama iko kule, zunguka, simama, chini. Kila mtu wa kambi anaijua lugha ile. Kijana yule kule porini hana shida yoyote, pengine anaona zaidi ya wengine. Shida yake inaanza siku anaposhuka sokoni kuuza nyama na asali, pale kwetu. Pale anaibiwa bei, anasukumwa, anaitwa mjinga. Alikwenda shule ya kijiji juma mbili tu, mwalimu akasema mtoto huyu hana akili. Jamani, ulemavu wake unakaa wapi? Tuliondoka nao mjini, tukaupeleka kule kwake.

Lakini tusidanganyane, tusirudi hapa kusema maisha ya porini ni paradiso. Njaa iko. Bibi asiyeona anakula wa mwisho siku ambayo chakula ni kidogo. Na kulikuwa na papa mmoja ambaye hadithi yake inatia hasira. Eko na ukoma. Vidole vimejikunja kama kucha za ndege, na mguu mmoja umechomeka na moto, hakusikia. Ukoma, wandugu, unapona. Dawa zake zinatolewa bure dunia nzima tangu 1995, unazimeza miezi sita ama kumi na miwili kufuatana na aina yake, na mtu aliyeanza dawa haambukizi tena wengine. Ukianza mapema, pale ambapo ni doa tu kwenye ngozi lisilosikia, hupotezi kidole hata kimoja. Papa yule alianza dawa. Aliambiwa arudi kila mwezi kuchukua nyingine. Santre iko mwendo wa siku nzima. Mara ya kwanza alikwenda, mara ya pili alikwenda, mara ya tatu alikuta muganga amesafiri, akaambiwa arudi kesho. Kesho alale wapi? Akarudi kambini, na dawa ikaishia pale.

Tukauliza: na mareko, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya? Hawafiki. Reko wa kijiji anahesabu nyumba za kijiji, na kambi iko nyuma ya kijiji, haimo kwenye listi yake. Njo maana hata chanjo inapita barabarani. Polio imerudi katika mkoa wetu wa Tanganyika, tuliisikia mwaka 2017 na tena 2022, na kila mara inatafuta watoto ambao tone halikuwafikia. Mtoto wa nyuma ya barabara. Tunajenga ulemavu sisi wenyewe, halafu tunatafuta kinga ya kuupandisha.

Na mtoto yule? Alikuwa pale. Sasa anatembea, anakaribia miaka miwili. Anatembea juu ya upande wa nje wa miguu, na ngozi pale imeanza kuwa ngumu kama kisigino, pahali ambapo Mungu hakuweka kisigino. Mama yake alitutambua mara moja. Hakutukana. Alileta viti.

Tuliporudi tulikwenda kumwona muganga wa mifupa. Alitueleza, nasi tunawaeleza, kwa sababu tulitamani mtu angetueleza mwaka juzi. Mtoto anayezaliwa na miguu hiyo hahitaji upasuaji mkubwa. Kuna njia inayoitwa Ponseti, jina la daktari Mhispania aliyefanya kazi Marekani. Mguu unavutwa kidogo kidogo kwa mikono, unafungwa plasta kutoka vidole hadi pajani. Baada ya juma moja plasta inatolewa, mguu unavutwa tena, plasta mpya. Mara tano, sita, saba. Wengi wanakatwa kidogo mshipa wa nyuma ya kisigino, jambo la dakika chache. Halafu mtoto anavaa viatu viwili vilivyofungwa kwenye kipande kimoja cha fito, mchana na usiku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afike miaka minne hivi. Ni bora kuanza katika majuma ya kwanza ya maisha. Kwa mtoto wa miaka miwili bado inawezekana, ila plasta zinaweza kuwa nyingi zaidi, na kazi ni ngumu zaidi. Mlango haujafungwa, lakini haumngojei mtu.

Sasa sikilizeni. Katika hayo yote, kitu kigumu ni kipi? Plasta si ghali hivyo. Mikono iliyofundishwa ipo. Kigumu ni lile neno "kila juma". Kila juma kutoka wapi? Hopitali za kwetu hazipikii mgonjwa, munajua. Mgonjwa analetewa bukari na ndugu zake, mulinzi wake analala chini ya kitanda ama varandani. Sisi wenye shangazi mjini tunaweza. Mama Mutwa hana shangazi Kalemie. Na hata akipata varanda, tumesikia ya mama mwingine, katika hopitali moja ambayo hatutaitaja, ambaye walinzi wenzake walimwambia apike mbali, asichote maji na ndoo yao. Siku ya tatu akambeba mgonjwa wake, akaenda. Kwenye fishi waliandika kwamba mgonjwa ametoroka.

Kwa hiyo msaada wa Mutwa mwenye ulemavu si karatasi ya matibabu peke yake. Ni pahali pa kulala, sufuria, makala, ndagala kidogo, na mtu mmoja wa kumsindikiza ambaye hataruhusu afukuzwe. Haya hayamo katika bajeti ya mtu yeyote, kwa sababu anayepanga bajeti anakuwaka na shangazi.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya leta, si ya chama. Tunakubali nusu. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria mbili katika muda usiofika miezi mitatu. Ile ya tarehe 3 Mei inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Ile ya tarehe 15 Julai inalinda haki za wenyeji wa asili, yaani Batwa na ndugu zao wa mikoa mingine. Kabla ya hapo Katiba ya 2006, artikli ya 49, ilishasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa njia ya pekee, na mwaka 2015 Congo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Mapatano yale, katika utangulizi wake, yanataja waziwazi wale wanaobaguliwa mara mbili, kwa ulemavu na kwa asili yao. Basi yule papa wa mti wa asali yumo katika sheria zote hizo. Kwenye karatasi ni tajiri. Tatizo ni kwamba biro ya walemavu inamwona Mutwa, inasema mambo ya Batwa si kwetu. Wenye mradi wa Batwa wanamwona kilema, wanasema sisi tunashughulika na mashamba na shule. Anapita katikati ya milango miwili iliyofunguliwa.

Tutaendelea kugonga kwa leta, tumekwisha kuandika barua. Na tunajua leta haina hata hesabu: watu wa nchi hii walihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984, wengi humu ndani hawakuwa wamezaliwa. Lakini hatuwezi kuinyooshea leta kidole huku artikli yetu ya 4 inafanya vilevile.

Sasa tufike pale ambapo kuna moto. Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja alisimama, akasema, "Batwa njo balituchomea manyumba. Leo njo tubalipie hopitali?" Wengi walipiga makofi. Tunamheshimu mzee, na hatutafunika jambo. Tangu 2013, na zaidi sana 2016 na 2017, Batwa na sisi Bantu tulitiana vidonda vibaya katika mkoa huu. Kuna watu humu waliochomewa nyumba. Katika kamati hii yetu yupo mmoja aliyemzika ndugu yake. Yeye njo aliyetusaidia kuandika sehemu hii ya hotuba, na alituomba tuseme hivi: kule kambini alimkuta kijana aliyekatwa mkono. Akamuuliza ni nani alikukata. Kijana akajibu, "Batu ba kwenu." Wakakaa kimya wote wawili muda mrefu. Kisha kijana akamletea asali. Hatujui kama ile ni amani, lakini ilikuwa asali.

Na watu wa kambi ile nao walichomewa. Mwaka 2017 walikimbia, wakakaa pembeni ya mji pamoja na maelfu ya wengine, chini ya majani na mashuka, na baadaye wakarudi. Wamerudi! Tunarudia neno hili kwa maana chama chetu kinaitwa kwa neno hili. Sisi tulivuka ziwa, wao hawakuvuka. Aliyevuka alipewa karatasi, asiyevuka hakupewa. Kati yetu na wao, mbele ya artikli ya 4, hakuna tofauti nyingine ila maji.

Mukumbuke Lugufu. Mukumbuke Nyarugusu, na wenzetu wa Mwange na Kala kule Zambia. Siku ya posho, mulemavu alikuwa anapita mbele ya mustari, na hakuna aliyenung'unika, ama alinung'unika moyoni tu. Tulipofika kule tukiwa uchi wa kila kitu, hatukuulizwa kama tumelipa kotizasyo. Tuliulizwa majina, na mkono wa mtoto ukapimwa na utepe. Kuna mambo ya kambi ambayo hatuyatamani tena, na tunayasemaka kila siku. Lile la mulemavu kupita mbele, hatukulibeba wakati wa kurudi. Sijui tuliliacha katika meli.

Na sasa yale maji. Mama yule alipofika biro, tulimpa maji katika kopo la maziwa ya unga, lile linalokaa karibu na mlango. Glasi zilikuwa juu ya meza. Hakuna aliyesema "usimpe glasi". Mkono ulikwenda wenyewe ku kopo. Tulilikumbuka jambo hilo kule kambini, mama yule alipotuletea viti na maji katika vikombe vyake viwili vya plastiki, akaviosha kwanza mbele yetu. Tumelitupa lile kopo. Tunajua halitoshi, tunawaambia tu kwamba tumelitupa.

Basi tunaomba nini. Tunaomba mkutano huu ubadilishe artikli ya 4, isomeke kwamba aliyerudi ni kila mtu aliyekimbia vita akarudi kwake, hata kama hakuvuka mpaka, na ushuhuda wa shefu wake ama wa wanamemba wawili utoshe badala ya karatasi. Tunaomba mtu mwenye ulemavu asidaiwe kotizasyo ya miezi mitatu kabla ya kusaidiwa. Wengine wataogopa kwamba mlango ukifunguliwa hivyo sanduku litaisha. Mtunza sanduku ametuambia ukweli: sanduku ni dhaifu. Kwa hiyo hatuombi kusaidia watu wote. Tunaomba tuanze na kambi ile moja na watu wale tisa ambao tumekwisha kuwaandika.

Tunaomba pia Batwa wawili waingie katika kamati hii, mwanamke na mwanaume, na mmoja wao awe mtu mwenye ulemavu. Wasiwe watu wa kupigwa picha. Wawe na sauti katika kugawa, kwa maana kama papa wa mti wa asali angekuwa kamatini, kuku wangelala chini na yeye angekuwa na sponji. Yule mama aliyetutafsiria amekubali tukimwita. Na tumeomba zone ya afya iandike kambi katika listi ya reko. Walituambia wataangalia. Tutarudi kuangalia kama wameangalia.

Sponji tayari imenunuliwa, vipande viwili, ili kimoja kikifuliwa kingine kitumike. Hatukungoja kura, mutusamehe. Papa mwenye ukoma, reko mmoja wa kijiji amekubali kumchukulia dawa kila mwezi na kumpelekea, nasi tumemwahidi pesa ya kutengeneza kinga yake ya miguu miwili, ile ya kawaida. Kwa kijana asiyesikia bado hatuna jibu. Shule inayofundisha kwa lugha ya ishara iko mbali, na kumtoa porini pahali anapoeleweka kumpeleka pahali atakapojifunza alama nyingine peke yake, hilo hatuwezi kuliamua sisi. Tutamuuliza yeye, kwa mikono.

Linabaki la mtoto. Muganga amesema anaweza kuanza plasta ya kwanza mara tu familia itakapokuwa na pahali pa kukaa mjini, na tupange majuma kumi, si saba. Tunahitaji chumba kimoja, karibu na hopitali, kwa mwenye nyumba ambaye ataruhusu Mama Mutwa apike kwenye jiko moja na wengine na kuchota kwenye ndoo moja. Tunalisema hili la ndoo waziwazi ili mtu asitupe chumba leo akakinyima kesho. Unga na maharagwe, familia sita za chama zimekwisha kuahidi kupeana zamu. Makala bado. Mtu wa kumsindikiza kila juma bado, na tungependa awe mama.

Alituambia atashuka na asali siku ya soko, Alhamisi hii, na atapita biro kusikia jibu. Atakuwa amembeba mtoto, kwa sababu mtoto anatembea, lakini si mbali.